Glakoma kwa Watoto: Maswali na Majibu

Swali: Je, mtoto mchanga anaweza kuugua glakoma?

Jibu: Ndiyo. Ingawa wengi huuona kuwa ugonjwa wa wazee, wapo watoto wanaozaliwa na jicho ambalo njia zake za kutolea maji ya ndani hazikuumbika sawasawa. Maji hayo yanapokosa pa kupitia, presha ya jicho hupanda na kuuharibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo.

Swali: Ugonjwa huu umeenea kiasi gani?

Jibu: Ni nadra. Katika nchi za Magharibi, glakoma ya kuzaliwa nayo hukadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 10,000 hadi 20,000, ilhali Saudi Arabia makadirio ni 1 kati ya 2,500. Tofauti hiyo huhusishwa sana na ndoa za ndugu wa damu, kwa kuwa mara nyingi mtoto huugua pale anaporithi jeni yenye kasoro, hasa ile iitwayo CYP1B1, kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe huwa wazima.

Swali: Mzazi ataijuaje?

Jibu: Mtoto hutokwa na machozi bila kulia, huukimbia mwanga na kufumba macho kwa nguvu. Kioo cha jicho, yaani sehemu angavu ya mbele, hufanya ukungu na jicho lenyewe hutanuka, kwani kuta zake bado ni laini. Kioo chenye upana wa takriban milimita 10 wakati wa kuzaliwa kinapozidi milimita 12 kabla ya mwaka mmoja, daktari hushuku glakoma. Kwa bahati mbaya, macho hayo makubwa mara nyingi husifiwa kwa uzuri, na machozi yakadhaniwa kuwa yanatokana na mrija wa machozi ulioziba.

Swali: Madhara yake ni yapi?

Jibu: Uoni uliopotea kwa sababu ya mshipa kuharibika haurudi. Zaidi ya hapo, mtoto anaweza kubaki na makovu kwenye kioo cha jicho, kutoona vizuri vitu vya mbali, au jicho mvivu, yaani jicho ambalo ubongo umezoea kulipuuza.

Swali: Hutibiwa vipi?

Jibu: Tiba kuu ni upasuaji wa kuifungua njia ya maji, na wakati mwingine hurudiwa; matone ya dawa husaidia tu kushusha presha. Baada ya hapo mtoto huhitaji miwani, mazoezi ya jicho mvivu kwa kuliziba lile jicho linaloona vizuri zaidi, na uchunguzi wa maisha yote, kwa sababu presha inaweza kupanda tena hata baada ya miaka mingi ya utulivu. Ndugu zake wadogo nao wapimwe mapema.