Sadaka zako za mwaka mzima hazilipi zaka

Kazi yangu ni kukaa na watu kuwapigia hesabu za zaka. Ramadhani ikikaribia hawahesabiki, na kabla sijauliza swali la kwanza nishaambiwa: "Ustadhi, mimi mwaka mzima natoa. Sijawahi kumpita mwombaji mikono mitupu. Zaka yangu si imeshatoka humo humo?"

Haikutoka. Nimelisema kwa upole miaka mingi, sasa naliandika.

Ulipompa yule mama nauli ulikusudia nini? Ulimwonea huruma, na thawabu yako ipo kwa Mola wako. Lakini hukukusudia zaka, na nia hairudishwi nyuma. Huwezi kukaa leo ukavikusanya vijisenti vilivyokutoka tangu mwaka jana ukavibandika jina jipya. Anayetaka kutoa kidogo kidogo ana njia yake halali: mali ikishafika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, inajuzu kuitanguliza zaka kabla mwaka haujatimia, kama Mtume (s.a.w.) alivyomruhusu Abbas, ami yake. Ila nia iwepo mkono unapofunguka, na daftari liwepo. Andika tarehe, kiasi, na aliyepokea. Siku ya mwaka ikifika, jumlisha, toa kilichobaki. Daftari ndilo wimbo wangu, na wanaonijua wamelichoka, lakini asiye nalo huishia kukisia. Na nimeona kwamba anayekisia zaka yake hukisia kwa faida yake.

Halafu kuna kiwango. Nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, au gramu 595 za fedha kwa wanaopimia hiyo, na kinachotoka ni asilimia 2.5. Mwenye akiba ya milioni 40 iliyotimiza mwaka anadaiwa milioni 1. Huyo huyo ninapomwomba ajumlishe alichogawa njiani na mlangoni kwake, hesabu huishia kwenye laki, tena kwa kumsaidia kukumbuka.

Na kuna wenyewe, wanaostahili kuipokea. Aya ya 60 ya Surat Tawba imewataja mafungu manane: mafakiri, masikini, wanaoitumikia zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao wauelekee Uislamu, ukombozi wa watumwa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekwama. Mchango wa harusi haumo. Wala hawamo mama yako na watoto wako, maana hao kuwalisha ni wajibu wako hata pasipo zaka. Ukiwapa wao umejilipia deni lako mwenyewe. Ndugu yako masikini usiyelazimika kumlisha anaingia, na kumpa yeye kuna ujira mara mbili, wa sadaka na wa kuunga udugu. Ajabu ni kwamba huyo ndiye anayesahauliwa kwanza.

Mzizi wa kosa hili ni kudhani kwamba zaka ni ukarimu. Sivyo. Surat Maarij inaizungumzia mali ya waumini kuwa ndani yake mna "haki maalumu" ya mwombaji na aliyenyimwa. Ikishawajibika ni mali ya watu iliyokaa mfukoni mwako, na hakuna anayesifiwa ukarimu kwa kurudisha cha mwenyewe. Ukarimu unaanza baada ya hapo.

Wapo wanaonijibu kwa hadithi ya tabasamu. Kweli, kumtabasamia ndugu yako ni sadaka, kumwelekeza aliyepotea ni sadaka, kuondoa mwiba njiani ni sadaka. Lakini soma pia habari ya masahaba masikini waliokwenda kwa Mtume kulalamika kwamba matajiri wanaswali kama wao, wanafunga kama wao, kisha wanawazidi kwa kutoa ziada ya mali zao. Akawaambia kwamba kila tasbihi ni sadaka na kila kuamrisha mema ni sadaka. Ilikuwa faraja kwa asiye na kitu. Mwenye milioni 40 hakupewa ruhusa ya kulipa kwa meno.

Wafanyabiashara wana yao: "Mwaka huu sikupata faida, kwa hiyo sina zaka." Zaka ya biashara haiangalii faida peke yake. Inahesabiwa juu ya bidhaa zilizopo, kwa bei ya soko ya siku ile, pamoja na fedha taslimu na madeni unayotarajia kulipwa. Rafu, mizani na jengo havihesabiwi.

Wengine husema: "Zaka hutolewa Ramadhani." Hutolewa mwaka wa mali yako unapotimia, hata kama ni mwezi wa Safar. Mwaka wenyewe ni wa mwezi mwandamo, mfupi kwa takriban siku 11. Anayefuata Januari mpaka Desemba bila kurekebisha kiwango ataruka zaka nzima moja kila baada ya miaka 33 hivi. Akishindwa kabisa kuufuata mwandamo, basi atoe karibu asilimia 2.58.

"Masikini ni yule anayeomba." Mtume alisema masikini si yule anayezunguka akarudishwa na tonge moja au mawili, bali ni asiye na cha kumtosha na watu hawamtambui wakampa. Kwa hiyo mtafute. Uliza kimya kimya nani kodi imemshinda.

"Asiye Muislamu hapewi kitu." Hili huwa linaniudhi zaidi ya ninavyoonyesha. Zaka ya mali, kwa kauli ya wanazuoni wengi, ni ya Waislamu, ukitoa fungu la wanaotiwa nguvu nyoyo. Sadaka haina mpaka huo. Asmaa binti Abubakari alipojiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina aliambiwa amtendee wema, na mwanamke kahaba alisamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Sasa wewe unamuuliza dini mtu aliyeanguka barabarani?

La mwisho huletwa na waliokopesha: "Fulani kashindwa kunilipa, nimemsamehe, naihesabu kuwa zaka." Wanazuoni wengi hawaikubali, kwa kuwa zaka ni kutoa na kumkabidhi mtu, na hapa hakuna kilichotoka mkononi mwako, umeokoa mali uliyokwisha kuikatia tamaa. Kama kweli ni masikini au kalemewa na madeni, mkabidhi zaka yake taslimu, bila sharti wala kukonyeza macho. Akiamua mwenyewe kukulipa kutokana na hiyo, ni halali yako. Akienda kuwanunulia watoto chakula, deni lako bado liko pale pale, na zaka yako imefika.