Gari lililolala miaka: ufunguo uje mwisho

Magari mengi yanayoburutwa hadi karakana yetu ya mafunzo, baada ya kukaa uani miaka minne, mitano au zaidi, yaliharibika siku ile yalipoamshwa. Mwenyewe karudi kutoka kyeyo (vibarua vya ughaibuni) Dubai, kaazima betri ya jirani, kapiga stata, na injini iliyohitaji oili kidogo na subira ya siku mbili sasa inahitaji kufunguliwa yote.

Gari likisimama muda mrefu, oili hushuka polepole kutoka kwenye kuta za silinda na beringi, ikajikusanya chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili. Chuma kinabaki uchi. Daima kuna valvu iliyosimama wazi, na kupitia hapo hewa yenye unyevu, ambayo sisi wa Kampala, Entebbe na Jinja tunayo tele, huingia hadi kwenye silinda. Kutu hushikanisha ringi za pistoni na ukuta. Stata ikija kwa nguvu zake, ringi hukwaruza ukuta au kukatika.

Kwa hiyo injini izungushwe kwanza kwa mkono. Toa plagi zote (kwa dizeli, plagi za kupashia moto au nozeli), mimina kijiko cha chai cha oili ya injini katika kila silinda, kisha ondoka. Rudi kesho, gari lililokaa miaka kumi lipe siku kadhaa. Tia gia nyutro, weka spana kwenye bolti ya puli ya kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), zungusha taratibu upande ambao injini huzunguka kawaida, mizunguko miwili kamili ili kila valvu ifunguke na kufunga. Ikigoma, usichomeke bomba kwenye spana kuongeza nguvu. Ongeza oili, subiri tena. Vijana wa gereji hawaipendi kazi hii kwa kuwa haionekani kama kazi, na mteja anataka kusikia mngurumo.

Ukiwa hapo hapo, kagua mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifuatane na mwendo wa pistoni. Hiace zenye injini ya 3L na Land Cruiser zenye 1HZ hutumia mkanda wa mpira, na mpira huzeeka hata gari lisipotembea. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Kama una nyufa, au hujui uliwekwa lini, badilisha kabla ya kuwasha. Mkanda unaouzwa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ni nafuu kuliko silinda hedi. Fungua pia kasha la filta ya hewa. Panya hupenda kuzalia humo, na wakimaliza huhamia kwenye nyaya.

Mafuta ya zamani yasitumike. Petroli huanza kuharibika ndani ya miezi michache: sehemu nyepesi hupaa, inayobaki hugeuka gundi yenye harufu ya vanishi, ikaziba kabureta au injekta. Kuongeza petroli mpya juu yake hakuiponyi. Kwenye tanki la dizeli maji hujikusanya chini, na vijidudu huota pale maji na dizeli vinapokutana, vikaacha ute mweusi unaoziba filta. Toa yote kwa pampu ya mkono au kwa bolti iliyo chini ya tanki, mbali na sigara na sigiri. Ile desturi ya kunyonya mpira kwa mdomo iachwe kabisa. Mafuta kidogo tu yakiingia mapafuni huleta nimonia mbaya, na aliyeyameza asitapishwe; apelekwe hospitali.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kazi isimame hapo mpaka fundi ajue yalipopitia. Vinginevyo badilisha oili na filta yake. Betri nzima husoma takriban volti 12.6, ukiifunga, waya wa hasi uwe wa mwisho.

Plagi zikiwa bado nje, chomoa koili na fyuzi ya pampu ya mafuta (kwa dizeli, waya wa solenoidi inayokata mafuta), kisha piga stata sekunde 10, pumzika dakika moja, rudia hadi taa ya oili kwenye dashibodi izime. Sasa oili imefika juu. Rudisha kila kitu mahali pake, sukuma gari nje, maana moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu ndani ya gereji iliyofungwa. Weka kizimamoto karibu, ndipo uwashe.

Usikanyage mafuta. Taa ya oili isipozima baada ya sekunde chache, zima injini. Moshi wa mwanzo ni ile oili uliyomimina; acha iungue. Angalia geji ya joto na chini ya gari kwa dakika 20 hivi.

Kungurumia uani si ruhusa ya kutoka getini. Mafuta ya breki hunyonya maji, hivyo yabadilishwe, na magurudumu yakaguliwe kama breki hazijaganda. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la umri huo, hata kashata (meno) zake zikiwa nzima, usiende nalo Masaka.