Kwa nini ugali wa njano uliitwa Yanga?

Mtajie "unga wa Yanga" mtu aliyekuwa Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwanza atacheka, halafu atakunja uso kidogo, kama mtu aliyekumbushwa deni. Klabu haikuwa na kinu cha kusaga. Unga huo ulitokana na mahindi ya njano ya kutoka nje, mengi yakiwa ya msaada wa Marekani, yaliyoletwa nchini wakati wa upungufu wa chakula wa 1974 na 1975, kisha tena miaka ya mwanzo ya 1980.

Jibu la haraka linajulikana: Yanga, klabu ya tangu 1935, huvaa kijani na njano. Ila vitu vya njano ni vingi. Wangeweza kuuita unga wa papai, au wa manjano, au wa kiini cha yai. Wakachagua mpira. Hapo ndipo pa kuuliza.

Turudi kwenye hali yenyewe. Bei ya mafuta ilipanda duniani 1973, ikapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na vita vile vilikula takribani dola milioni 500. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikaisha, mkanda ukaendelea kukazwa. Sabuni, sukari, chumvi, mafuta ya taa, vyote vikawa vya kuotea. Watu walifulia majani ya mpapai. Mahindi nayo yalikuwa na mkondo mmoja tu halali: Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, kwa bei iliyopangwa na serikali. Mkulima mwenye akili timamu aliyaficha au aliyauza kwa magendo, na duka la ushirika likabaki na rafu tupu.

Mama yangu, aliyekulia pembeni ya mji wa Dodoma, husimulia foleni kwa mikono. Ukisikia tetesi kwamba unga utashushwa kesho, unakwenda jioni hiyo hiyo na jiwe lako. Unaliweka nyuma ya jiwe la jirani, unarudi nyumbani kulala. Alfajiri mstari ni wa mawe, vikapu vilivyochanika, tofali, ndala moja yenye kamba nyekundu. Kila mtu analijua lake. Ugomvi mkubwa aliowahi kuuona pale, anasema, haukuwa wa unga. Mtu alilisogeza jiwe la mwenzake hatua mbili nyuma. Mlangoni unadaiwa karatasi ya balozi wa nyumba kumi, unapimiwa kilo chache, unaondoka. Ukifungua mfuko nyumbani ndipo unaikuta ile rangi.

Kwa nini rangi iliwakera watu wenye njaa? Njano ya punje inatoka kwenye karotenoidi, kundi lile lile la rangi linalokutwa kwenye karoti na boga. Mahindi meupe ni yale ambayo jeni ya kutengeneza rangi hiyo kwenye sehemu ya wanga haifanyi kazi. Kwa lishe, basi, ya njano ndiyo yenye cha ziada, maana baadhi ya karotenoidi mwili huzigeuza vitamini A. Ladha ni habari nyingine. Rangi hizo huharibika polepole ghalani, na mafuta ya kwenye kiini nayo huchacha, kwa hiyo punje iliyovuka bahari na kukaa miezi bandarini hufika na harufu yake. Juu ya hayo, habari ilienea kwamba Marekani mahindi hayo hulishwa ng'ombe na kuku. Habari hiyo ni kweli. Sehemu kubwa ya mahindi ya njano ya kule ni chakula cha mifugo, na hakuna anayependa kuambiwa hivyo akiwa ameshika tonge.

Weupe wenyewe, kwa kweli, ni mtindo wa juzi tu. Mahindi yaliyofika Afrika Mashariki kwa njia ya pwani yalikuwa ya rangi mbalimbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 soko la wanga la Uingereza lilipendelea meupe, walowezi wa Kenya na wa kusini mwa Afrika wakapanda meupe, na baada ya vizazi viwili watu wakaapa kwamba ugali umekuwa mweupe tangu enzi za mababu.

Dodoma ndipo hoja hii inapochekesha. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka ikiwa imekubali. Chakula cha Mgogo ni uwele na mtama, na ugali wa uwele una rangi ya kijivu inayoelekea udongo. Unaliwa na mlenda, mara nyingi wa majani yaliyokaushwa juani. Kwa hiyo huwezi kusema watu wa hapa walishtushwa na ugali usio mweupe. Usio mweupe ndio waliokua nao. Kilichowauma, kwa maoni yangu, ni kwamba uwele wa ghalani ulikuwa wao, na wa njano ulikuwa wa kupewa.

Wagogo wana desturi ya kuipa njaa jina. Njaa ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, inaitwa Mtunya mpaka leo. Wazee walihesabu umri kwa njaa: fulani alizaliwa Mtunya, fulani baada yake. Jina la Yanga silo la Kigogo na halikuanzia Dodoma peke yake. Lilitumika nchi nzima. Lakini hapa lilikuta watu waliozoea kuibatiza shida ili waweze kuisimulia.

Na mpira ndio uliokuwepo. Kulikuwa na redio moja ya taifa, na mechi ya Simba na Yanga ilisikika kuanzia mjini hadi kwenye tembe, mradi betri zilikuwa zimeanikwa juani mchana kutwa. Joto huamsha kemikali zilizolala ndani ya betri, unapata dakika chache za ziada, pengine kipindi cha pili chote. Sukari ilikuwa ya foleni, ila utani wa jadi haukuhitaji kibali cha balozi. Mjomba wangu, Simba wa kufa, alikuwa akimega tonge la njano na kutangaza kwamba anamla Yanga mchana na usiku, na bado hajashiba. Shangazi, ambaye ni Yanga, alimjibu kwamba bila Yanga angekuwa kaburini.

Unga huo uliondoka taratibu. Bajeti ya 1984 iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, Mwinyi akaingia madarakani 1985, biashara ya nafaka ikalegezwa kidogo kidogo, na mahindi meupe yakarudi sokoni kwa bei ya mlanguzi ambaye sasa aliitwa mfanyabiashara.

Jina lilibaki, na limewasumbua hata wataalamu wa lishe. Zambia, ambako nako mahindi ya njano yalinuka msaada, ilitoa mwaka 2012 mbegu zenye vitamini A nyingi zaidi, na waliozitangaza walisisitiza kwamba hizi ni za rangi ya chungwa, siyo za njano. Mwaka jana nilimpikia mjomba ugali wa unga wa namna hiyo. Aliuzungusha sahani, akauangalia pande zote, akaniuliza kama Yanga wamebadilisha jezi.