“Tuyamalize Hapa Hapa”: Mwendesha Baiskeli na Haki Anazoziacha Barabarani

Juni 3 ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Kila inapokaribia, husemwa mengi kuhusu afya, hewa safi na kubana matumizi. Sisi tunaokaa kwenye dawati la elimu ya usalama barabarani husikia mengine. Wanaotufikia ni watu waliofunguliwa mlango wa gari usoni, waliobanwa na daladala hadi mtaroni, walioibiwa baiskeli kwenye geti la ofisi wanayofanyia kazi. Na wengi wao hufika wakati ushahidi umeshapotea.

Mzee mmoja muuza mikate alikuja akichechemea. Baiskeli aliiacha nje imeegemea ukuta, kreti limefungwa kwenye karia kwa vipande vya tyubu, rimu ya mbele bado ina wimbi licha ya fundi kuinyoosha. Siku kumi na moja nyuma, alfajiri, gari dogo lililokuwa likikata kona lilimgonga. Dereva hakukimbia. Alishuka, akampa pole, akamkung’uta vumbi begani, kisha akamwambia, “Mzee wangu, tuyamalize hapa hapa.” Akampa shilingi 20,000. Fedha hiyo iliishia kwenye spoku na ufundi. Siku ya tatu goti lilivimba, na gharama za hospitali zikaanza kula mtaji wa mikate. Nilimuuliza namba ya gari. Akanijibu, “Lilikuwa jeupe, mwanangu.”

Naandika makala haya kwa ajili ya mzee yule na wenzake, na pia kwa madereva wanaodhani wamemfanyia mtu wema.

Nianze na dhana moja ambayo imetuchosha: kwamba mwenye baiskeli halipi kodi ya barabara, kwa hiyo barabara si yake, apishe. Hapa Tanzania, ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa mwaka 2017, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Hata ingekuwepo, haki ya kupita barabarani haikuwahi kutokana na stakabadhi ya kodi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura 168, ambayo ni ya mwaka 1973, inaihesabu baiskeli kuwa chombo cha usafiri. Anayeiendesha ana nafasi yake barabarani na ana wajibu wake. Dereva anayempigia honi mwendesha baiskeli ashuke kwenye lami ili yeye apite hana sheria ya kusimamia. Vilevile, mwendesha baiskeli anayepita taa nyekundu kwa hoja kwamba “mimi si gari” anavunja sheria, na askari ana mamlaka ya kumsimamisha.

Sasa tuje kwenye njia za baiskeli, ambako malalamiko ni mengi kuliko kwingine kote. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kutoa huduma Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam ilipata pia njia za waenda kwa miguu na baiskeli pembeni. Ni hatua kubwa, na naisema kwa moyo mweupe, kwa sababu kabla ya hapo mtu wa baiskeli alikuwa akigombea ukingo wa lami na malori. Asubuhi moja nilipanda baiskeli kutoka Kimara kuteremka mjini ili nione kwa macho yangu kinachotusumbua kwenye karatasi. Kabla sijafika Ubungo nilikuwa nimeshashuka mara nne. Mara ya kwanza pikapu ilikuwa imepandisha magurudumu mawili ikishusha kreti za soda. Kisha nikakuta meza ya viatu na mwavuli wake. Baadaye bodaboda, naye yumo humo humo kwenye njia ya baiskeli na abiria wawili, akinipigia honi kwa nyuma nimpishe. Mara ya nne palikuwa na shimo la mtaro lisilo na mfuniko. Msamaria alikuwa amechomeka tawi la mwarobaini ndani yake ili lionekane. Mchana tawi lile linatosha. Saa moja usiku, umeme ukiwa umekatika, halimwokoi mtu.

Mwenye pikapu, nilipomweleza, alisema, “Dakika tano tu, bosi.” Dakika tano hizo zinamtoa mwendesha baiskeli kwenye njia yake na kumwingiza katikati ya magari yanayokwenda kilomita 50 kwa saa, na hapo ndipo anapogongwa. Faini ya papo kwa papo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Kwa pikipiki na bajaji ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000. Hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita “kontroo namba”, kupitia simu au benki. Haikabidhiwi mkononi. Ukiombwa mkononi, omba namba ya kumbukumbu. Ukilipa, hakikisha stakabadhi inaonyesha namba ya gari lako na kosa lenyewe, kwa sababu tunao watu waliolipa deni la gari walilokwisha kuliuza.

Kuhusu mashimo na mifuniko iliyoibwa, tatizo ni kwamba watu wanalalamika pasipohusika. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara. Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu ilipoanza kazi mwaka 2017. Miundombinu ya mabasi yaendayo haraka inasimamiwa na wakala wake, DART. Taarifa ya “kuna shimo Manzese” haimsaidii fundi. Taja upande (wa kwenda mjini au wa kutoka), taja kilicho karibu kisichohama, kama kituo, daraja au namba ya nguzo ya taa, weka picha mbili, moja ya shimo na moja ya mbali inayoonyesha mazingira. Peleka kwa maandishi, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mtu akianguka baadaye kwenye shimo hilo hilo, nakala yako inaonyesha kwamba ofisi ilikuwa na taarifa na tangu lini.

Kuna jambo moja ambalo limetugombanisha na waendesha baiskeli wenyewe, tena wazoefu. Wanapanda upande wa kulia, wakikabiliana na magari, na wanalitetea kwa nguvu zote: “Nikiliona gari linakuja nitalikwepa.” Tumelirudia hili kwenye vituo, mashuleni na redioni, na bado kila wiki tunalisikia. Hebu tulipigie hesabu. Baiskeli inakwenda kilomita 15 kwa saa, gari 50. Mkiwa mnaelekea upande mmoja, gari linakukaribia kwa tofauti ya mwendo, yaani 35. Mkikabiliana, mnakaribiana kwa jumla yake, yaani 65. Dereva akikuona ukiwa mita 36 mbele yake, katika hali ya kwanza ana karibu sekunde nne za kupunguza mwendo au kukuzunguka. Katika hali ya pili ana sekunde mbili. Na hujui kama amekuona.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye maungio. Sisi tunaendesha kushoto. Dereva anayetoka mtaani kuingia barabara kubwa na kukata kushoto anaangalia kulia, kwa sababu ndiko magari yanakotoka. Wewe unamjia kutoka kushoto. Anaondoa gari akiwa bado ametazama kulia, na wewe uko mbele ya bampa lake. Madereva wengi wanaofikishwa kituoni kwa ajali za namna hii husema “sikumwona”, na kwa kweli hawakumwona. Panda kushoto. Mtembea kwa miguu kwenye barabara isiyo na njia ya pembeni ndiye anayeambiwa atembee akikabili magari. Baiskeli si mtembea kwa miguu.

Daladala ina mlango kushoto. Ikisimama, usipenye kati yake na ukingo. Abiria anashuka bila kuangalia, na konda hana muda wa kumwangalizia. Subiri, au ipite kwa kulia baada ya kutazama nyuma. Magari yaliyoegeshwa yape nafasi ya mlango mzima, takriban mita moja.

Breki nazo zina habari yake. Baiskeli nyingi za kubebea mizigo tunazozikagua hazina breki hata moja. Mwenyewe anabana tairi kwa soli ya kandambili. Kwenye tambarare anaweza kuizoea. Kwenye mteremko wa Kimara, akiwa na magunia mawili ya mkaa, hakuna kandambili itakayomsimamisha. Usiku weka taa nyeupe mbele na kiakisi chekundu nyuma, na mzigo usikizibe kiakisi. Najua kwamba aliyebeba mkaa usiku anakimbiza riziki, na simlaumu kwa hilo. Naomba aonekane.

Turudi kwa muuza mikate, maana hapa ndipo haki inapopotelea.

Ukigongwa, dereva analazimika kisheria kusimama, kumsaidia aliyeumia na kutoa taarifa polisi. Kukupa pole na fedha ya mfukoni hakumwondolei wajibu huo. Wewe, au aliye karibu nawe kama huwezi, piga picha kibao cha namba ya gari kabla gari halijasogezwa. Huna simu, iandike kwa mkaa kwenye kreti, mkononi, popote. Chukua jina na simu ya shahidi mmoja asiye ndugu yako. Usiinyooshe rimu siku hiyo. Baiskeli iliyopinda ni ushahidi.

Mwenye hali mbaya apelekwe hospitali kwanza, na mwenzake aende kituoni. Mwenye uwezo wa kutembea apite kituo cha polisi achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Fomu hii hutolewa bure. Polisi hujaza sehemu yake, daktari hujaza sehemu ya majeraha, kisha fomu hurudishwa kituoni. Toa nakala kabla hujairudisha. Ichukue hata kama unajisikia mzima. Goti na shingo huchelewa kuuma, na daktari aliyekuona siku hiyo hiyo ndiye anayeweza kuyaunganisha maumivu yako na ajali. Ukienda baada ya siku kumi na moja, swali la kwanza litakuwa kama hukuanguka kwingine.

Kisha bima. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura 169, inamlazimisha kila mwenye gari au pikipiki kuwa na bima dhidi ya mtu wa tatu. Watu wengi hudhani bima hiyo ni ya kumlinda mwenye gari asisumbuliwe na trafiki. Mtu wa tatu ni wewe uliyegongwa, hata kama huna bima yoyote na hujawahi kununua stika maishani mwako. Kwa namba ya gari tu unaweza kuhakiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kama gari lina bima hai na ni ya kampuni gani. Kampuni itahitaji barua yako ya madai, PF3, taarifa ya polisi, ramani ya ajali, taarifa ya ukaguzi wa gari, stakabadhi za matibabu na za fundi baiskeli, na kama dereva alishtakiwa, nakala ya hati ya mashtaka na hukumu. Stakabadhi ya fundi iandikwe hata kama fundi wako yuko chini ya mwembe: tarehe, kazi, kiasi, jina, simu, sahihi. Siku ambazo hukuuza mikate nazo ni hasara; ziandike kwenye daftari kuanzia siku ya ajali.

Kampuni ikizungusha au ikikataa na hukuridhika, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mahakama pia ipo, na shauri la fidia ya namna hii lina ukomo wa miaka 3. Gari lisipokuwa na bima, dai halifi. Linawahusu dereva na mmiliki. Jihadhari na karatasi yoyote utakayopewa kusaini barabarani inayosema umeridhika na huna madai zaidi. Ukishaisaini, kuipindua ni kazi ngumu.

Limebaki la wizi. Ofisi nyingi zina maegesho ya magari na hazina hata bomba moja la kufungia baiskeli. Mlinzi anamwambia mfanyakazi aiache nje ya geti. Hilo tunaliomba kwa waajiri: bomba moja la chuma lililochomelewa, mahali mlinzi anapoona, halichukui hata nafasi ya gari moja.

Ikiibwa, unachohitaji kituoni ni kufungua jalada na kupewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Watu hukimbilia taarifa ya upotevu kwenye mtandao, ile ya vitambulisho na kadi za benki zilizopotea. Ukitoa taarifa ya upotevu umesema imepotea, hakuna mtu anayetafutwa. Na askari atakuuliza utambulisho wake. “Ni Phoenix nyeusi” haitoshi, ziko nyingi mno mjini. Ipindue baiskeli yako, magurudumu juu, futa grisi kwa kitambaa chini ya fremu pale mhimili wa pedeli unapopita. Kwa kawaida namba imegongwa hapo. Ipige picha, uiandike nyuma ya risiti ya kununulia. Ya mzee wa mikate tuliisoma pamoja siku ile alipokuja, nje ya ofisi, yeye ameishika baiskeli na mimi nikifuta. Tarakimu ya tatu imeliwa na kutu, zilizobaki zinasomeka.