Kabla ya kufunga matairi makubwa, angalia breki: ushauri kwa wenye magari ya porini

Wenye Land Cruiser, Hilux na Jimny hapa Mombasa wakitaka kuliandaa gari kwa safari za porini, wengi huanza na matairi. Springi zinainuliwa, matairi ya inchi 33 au 35 yanafungwa, na safari ya Tsavo inapangwa. Breki hazitajwi mpaka siku zitakapokataa. Sisi tunaofundisha umekanika wa magari tunaomba mpangilio huo ugeuzwe: hesabu ya breki ifanywe kabla pesa za matairi hazijatoka mfukoni.

Chukua tairi la 265/75R16, saizi ya kawaida kwa magari ya aina hii. Kipenyo chake ni karibu milimita 804. La inchi 35 ni milimita 889. Breki zako ni zilezile, lakini lami sasa iko mbali zaidi na ekseli, kwa hiyo kwa mguu uleule nguvu ya kusimamisha gari hupungua kwa karibu asilimia 10. Spidomita nayo hupotosha. Ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda zaidi ya 88, na kwa kuwa kazi ya breki hukua kwa mraba wa mwendo, joto la kumezwa huongezeka kwa karibu asilimia 22. Hapo hatujagusa uzito wa tairi lenyewe, ambalo likishaanza kuzunguka ni gumu zaidi kulizuia.

Joto hilo huangusha breki kwa njia mbili, na dereva anaweza kuzitambua kwa mguu wake. Ya kwanza ni pedi, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu, kuungua. Pedeli inabaki ngumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zote, harufu kali inaingia ndani, na gari linaendelea kuteremka. Ya pili ni mafuta ya breki kuchemka. Mafuta hayabanwi, mvuke hubanwa, kwa hiyo pedeli inazama hadi sakafuni na hakuna kinachotokea. Anayeteremka kutoka Wundanyi kuelekea Mwatate, gari limejaa watu na mizigo, anaweza kukutana na zote mbili asiposhuka kwa gia ndogo.

Hili la mafuta linatuhusu sana sisi watu wa pwani, kwa sababu mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani. Mafuta haya hupangwa kwa madaraja ya DOT, yanayoandikwa kwenye chupa. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za selsiasi. Ikishavuta maji, kiwango chake cha chini ni 140. DOT 4 ni 230 na 155, na DOT 5.1 ni 260 na 180. DOT 5 ni ya silikoni, kitu tofauti kabisa, na haichanganywi na hizo nyingine. Kwa gari la matairi makubwa ningetumia DOT 4 au 5.1 ikiwa mwongozo wa gari unaikubali, na ningebadilisha yote kila mwaka bila kungoja miaka miwili. Fundi akikosa mafuta ya breki akataka kuongezea oili ya injini, mzuie. Raba za masta silinda, ile silinda inayosukuma mafuta unapokanyaga pedeli, hufura, na mfumo mzima unaharibika.

Sasa kuboresha kwenyewe. Rudisha kwanza breki ulizonazo ziwe kama zilivyotoka kiwandani. Diski nyingi zimechapwa unene wa mwisho unaoruhusiwa. Pima, na ikiwa chini ya hapo itupwe. Hilux nyingi na Jimny zina dramu nyuma (breki za ngoma badala ya diski), nazo zikikosa kurekebishwa, za mbele hubeba karibu kazi yote. Kisha tafuta pedi bora. Pembeni mwa pedi nyingi pamechapwa herufi mbili, ya kwanza ikionyesha mshiko pedi ikiwa haijapata moto sana, ya pili ikiwa imechemka. EE ni dhaifu kuliko FF. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha herufi hizo, mimi nisingenunua kwake.

Hatua kubwa ni diski pana zaidi na kalipa zake, yaani vishikio vinavyobana pedi kwenye diski. Kalipa ikisogea nje, kutoka milimita 125 hadi 140 kutoka katikati ya gurudumu, unapata asilimia 12 ya ziada ya nguvu ya kusimamisha, inayotosha kufidia lile tairi la inchi 35. Hakikisha rimu yako ina nafasi ya kuimeza. Diski zenye matundu hazikuongezei nguvu hiyo, na matundu ndipo nyufa huanzia. Kwa gari la matope sizipendekezi. Masta silinda kubwa nayo huwadanganya wengi. Pedeli inakuwa ngumu na fupi, mtu anafurahi, kumbe kwa mguu uleule shinikizo limepungua. Ibadilishe tu pale kalipa mpya zinapohitaji mafuta mengi zaidi.

Gari lililoinuliwa lina mambo mawili zaidi. Liweke juu ya stendi, ekseli ining'inie kabisa, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku mwenzako akitazama hozi za breki. Ikivutika hata moja, weka ndefu. Jambo la pili, Hilux nyingi zina vali nyuma inayopima mzigo kwa fimbo iliyoshikana na ekseli. Ukiinua springi, vali inadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa, na inazinyima breki za nyuma shinikizo. Fundi airekebishe kwa kimo kilichoongezwa. Kampuni yako ya bima nayo iarifiwe mapema kuhusu mabadiliko yote.

Pedi na diski mpya zinahitaji kuzoeana. Kwenye barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 15 kwa saa mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kadhaa bila kugusa breki zipoe. Ukishafanya hivyo, panda Kwale bila mzigo na uteremke polepole kuja Kombani. Ukifika, simama pembeni na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Magurudumu mawili ya mbele yatoe joto linalolingana. Moja likiwa kali kuliko mwenzake, huenda kalipa imenata au pini zake zimekauka kwa chumvi, na gari lirudi karakana kabla ya kupakiwa mizigo ya Tsavo.