Vumbi kwenye sensa: pima kwanza, pulizia, kufuta kuje mwisho

Kazi yangu ni kusafisha na kutengeneza kamera, na ombi ninalolipata mara kwa mara ni "nifutie sensa", yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuunda picha. Mara nyingi mteja anakuwa ameona chembe alipochungulia kwenye kitundu cha kutazamia. Hiyo haiingii kwenye picha hata kidogo. Vumbi la sensa linajulikana kwa doa la kijivu lililofifia, linalokaa palepale picha baada ya picha hata ukibadilisha lenzi, na hujitokeza zaidi kwenye anga au ukuta usio na michoro.

Kwa kweli vumbi halitui kwenye sensa yenyewe. Linatua kwenye kioo chembamba kinachoifunika, na umbali huo mdogo ndio unaofanya doa lije na kupotea kulingana na uwazi wa lenzi. Tuseme chembe iko milimita 2 juu ya sensa. Ukipiga kwa f/2.8, yaani uwazi mkubwa, mwanga unaokwenda kwenye nukta moja ya picha unapita pale kwenye chembe ukiwa na upana wa karibu milimita 0.7, kwa hiyo chembe inaziba sehemu ndogo tu na kivuli hakionekani. Kwa f/22, ambao ni uwazi mdogo, upana huo hauzidi milimita 0.1. Chembe ileile sasa inaziba karibu njia yote, na doa linajichora.

Kwa hiyo pima hivi: weka f/22, ISO (kipimo cha wepesi wa sensa kwa mwanga) ya chini kabisa, ondoa fokasi, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe. Shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye sensa, ikikaa wazi sekunde nzima ni sawa. Tena isogezesogeze kamera makusudi. Ukuta utavurugika, vumbi litabaki limesimama. Ikuze picha uikague kona hadi kona. Doa lililo juu kushoto kwenye picha utalikuta chini kushoto ukiitazama sensa kwa mbele, kwa sababu lenzi hupindua picha.

Kamera nyingi zina mtikiso wa kujisafisha, jambo ambalo Olympus ilianza nalo kwenye E-1 mwaka 2003. Utumie kwanza. Usipotosha, chaji betri ijae, fungua menyu ya kusafisha sensa ili kioo cha kuakisi kilicho mbele ya sensa (kama kamera yako inacho) kinyanyuke na shata ibaki wazi, geuza mdomo wa kamera uelekee chini, kisha pulizia kwa pampu ya mpira. Ncha ya pampu isiingie ndani. Betri ikiisha katikati ya kazi, shata itafunga juu ya chochote kilichopo. Usipulize kwa mdomo, maana mate yakitua ni doa jipya. Makopo ya hewa ya kusafishia kompyuta yaweke mbali kabisa: gesi yake inaweza kutoka ikiwa bado majimaji na kuacha utando kwenye kioo.

Pima tena. Naomba sana hatua hii isirukwe, kwa sababu pampu peke yake humaliza sehemu kubwa ya kazi, na mtu asiyepima anaendelea kugusa kioo ambacho tayari ni safi.

Kinachobaki ni kilichonata: chavua, unyevu uliokauka, au mafuta ya mitambo ya shata, ambayo doa lake mara nyingi ni la mviringo na lina mwanga katikati. Hapo ndipo unatumia kijiti cha kusafishia na dawa yake maalumu. Chagua upana unaolingana na kimo cha sensa, milimita 24 kwa sensa ya 36 kwa 24, takriban 16 kwa sensa ndogo zaidi iitwayo APS-C. Tone moja au mawili, subiri yanywee, kisha vuta mara moja kutoka ukingo hadi ukingo bila kunyanyua. Geuza upande wa pili, rudi, tupa. Kijiti kilichopita kimebeba mchanga, na mchanga unaoburutwa ndio unaokwaruza. Kioo chenyewe ni kigumu kuliko watu wanavyodhani. Nguvu iwe ya kukipinda kijiti kidogo tu.

Zikibaki nukta mbili kwenye kona kwa f/22, na wewe unapiga zaidi kwa f/8, mimi ningeifunga kamera. Nukta hizo programu ya kuhariri picha inaziondoa kwa mguso mmoja.