Kijivu si nyeusi na nyeupe tu

Juzi tena, Ilazo, hapa Dodoma. Mama mwenye nyumba kanitumia picha mbili za rangi ya ukuta, kijivu kilichokoza, na ujumbe: "Fundi, hizi si ni zilezile? Kijivu ni nyeusi na nyeupe tu, chukua ya bei nafuu." Ni mteja wa tatu mwezi huu kuniambia hivyo, kwa hiyo naandika hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Si zilezile. Chukua rangi nyeupe, tia nyeusi peke yake, koroga: utapata kijivu chenye ubluu, baridi kama bati la alfajiri. Ndiyo maana mchanganyaji huongeza njano kidogo, au nyekundu, au kahawia. Hiyo iliyojificha ndani ndiyo inayotofautisha kijivu na kijivu, na kwenye kadi ya rangi ya dukani, ndogo kama kiberiti, huioni. Ikishapanda ukuta mzima inajitokeza yote.

Baadhi ya kadi zina namba ya mwanga unaorudishwa na rangi, kutoka 0 hadi 100. Vijivu vilivyokoza huangukia kama 5 mpaka 15. Namba hiyo inakuambia giza tu. Rangi mbili zenye 9 kila moja, moja yaweza kuwa na ukijani na nyingine zambarau. Picha ya simu ndiyo kabisa usiniletee: kioo kinatoa mwanga wake chenyewe, ukuta unategemea wa kuazima.

Na huo mwanga wa kuazima ndio unaonikosesha usingizi. Watu wanasoma mtandaoni kwamba chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa baridi. Ushauri huo umeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani. Dodoma tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita kaskazini mwetu. Miezi inayobaki linahamia kusini. Dirisha la kaskazini hapa ndilo linaloota jua Juni na Julai.

Halafu kuna udongo wetu. Kiwanja hakijawekwa pevingi, jua la saa nane linapiga ardhi nyekundu, mwanga unaruka na kuingia dirishani ukiwa umebeba wekundu ule. Nimesimama sebuleni Nkuhungu nikaona ukuta wenye uzambarau kidogo ukigeuka rangi ya zabibu iliyoiva, kuanzia usawa wa kochi kwenda juu. Kwenye nyumba ya namna hiyo kijivu chenye ukijani hutulia, kwa sababu wekundu na ukijani vinapunguzana. Ikifika Januari, mvua zimenyesha na nyasi zimeota nje, ukuta uleule unasema jambo lingine.

Vumbi nalo: kijivu chenye ukahawia kinalificha, chenye ubluu kinalitangaza. Rangi ya silka, ile yenye mng'ao kidogo, unaweza kuifuta vumbi lakini inaonyesha kila kosa la plasta. Mati, ile isiyong'aa, inaficha makosa ya plasta, ila ukiisugua inang'aa pale ulipogusa.

Jaribu kwenye kipande cha jipsamu, ukipake mara mbili, kikauke kabisa, maana rangi ya maji ikikauka hukoza zaidi. Hapa nina shaka zangu. Kwa miaka nilikuwa naweka vipande viwili bega kwa bega, lakini rangi zikikaa jirani zinasukumana: cha zambarau kinamfanya mwenzake aonekane wa kijani kuliko alivyo. Ukutani hatakuwa na mwenzake. Siku hizi naviweka pamoja ili nijue kilichojificha, kisha naviweka kimoja kimoja ili mteja aamue. Hata hivyo, nikikitazama nusu saa jicho linazoea na siliamini tena. Natoka nje, narudi.

Mama wa Ilazo nilimwachia vipande vyake. Jana saa mbili usiku akapiga: "Fundi, hiki cha kulia kimekuwa bluu!" Nikamwambia, mama, zima hiyo taa nyeupe, weka hapo ile balbu ya njano ya koridoni, utazame tena. Akakaa kimya kidogo. "Eh. Kimekaribia kile cha mchana."

Leo tumebadilisha balbu za sebule yote. Rangi tutanunua Jumamosi, ndoo zote zichanganywe siku moja.